Damu kwenye Mswaki: Kuutambua Ugonjwa wa Fizi na Kujua Wakati wa Kuhitaji Usafi wa Kina

Mazungumzo kwa wananchi wa Kata ya Kapalamsenga, Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi



Nimeombwa nizungumze juu ya fizi. Nakiri kwamba fizi si jambo linalowakusanya watu. Jino likioza, mwenye jino hukesha, na nyumba nzima hukesha pamoja naye. Kesho yake atauza hata kuku ili apate nauli ya kwenda kulitibu. Ufizi hauna makelele hayo. Huugua miaka kumi bila kumwamsha mtu usiku, na siku mwenyewe anapoliona jino lake likicheza kama mlango uliolegea bawaba, mfupa ulioshikilia jino hilo umekwisha kuliwa, na hakuna dawa ya kuurudisha wote kama ulivyokuwa.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana nimelibeba muda mrefu. Nilikuwa tabibu wa meno kijana, sijatimiza hata miaka mitatu kazini. Akaja mkulima wa tumbaku, mtu wa makamo, anayevuta tangu ujana wake. Aliniambia ya kwamba kinywa chake kinanuka na mkewe ameanza kulalamika. Nikamwomba afungue kinywa, nikatazama meno ya mbele, nikabonyeza ufizi kwa kidole. Haukutoka damu. Nikamwambia: “Mzee, fizi zako ni nzima, piga mswaki vizuri.” Akashukuru, akaondoka. Baada ya miaka minne alirudi, na magego yake manne yakawa yanatikisika kwa ulimi. Alinitazama tu, hakunilaumu, na kutonilaumu kwake ndiko kulikoniumiza. Tuliyang'oa yote manne.

Nilikosea wapi? Sikupima, na sikujua wakati ule jambo ambalo leo nataka kila mvutaji wa Kapalamsenga alijue: moshi wa tumbaku hubana mishipa midogo ya damu katika fizi. Mvutaji anaweza kuwa na ugonjwa mkubwa wa fizi ilhali mswaki wake hauna hata tone la damu. Dalili ambayo kwa wengine hupiga kengele, kwake imezibwa mdomo. Katika mkoa ambao tumbaku ni zao la biashara kwa wakulima wengi, sidhani kama kuna neno la afya ya kinywa lenye uzito kuliko hilo.

Ugonjwa wenyewe huanzaje? Kila siku, hata kama hukula kitu, juu ya meno hujengeka utando laini uliojaa vimelea vya bakteria. Pitisha ulimi juu ya meno yako asubuhi kabla ya kupiga mswaki, utausikia. Ni kama ukoga wa mtungi wa maji usiosuguliwa. Utando huo ukiondolewa kila siku, hauna madhara makubwa. Ukiachwa, madini yaliyomo katika mate huugandisha, na katika muda wa siku chache hadi majuma mawili huanza kuwa ugaga mgumu kama jiwe, wa manjano au kahawia, na ukiwa chini ya ufizi huwa mweusi. Hupenda kujijenga nyuma ya meno ya mbele ya chini na upande wa nje wa magego ya juu, kwa sababu mate humiminikia huko. Ugaga uliokwisha kuwa jiwe hauondoki kwa mswaki, wala kwa mkaa, wala kwa majivu, wala kwa chumvi. Anayeusugua kwa nguvu huumiza ufizi na kulichubua jino, na jiwe hubaki pale pale.

Mwili unapowaona maadui hao wamepiga kambi kandokando ya ufizi, hupeleka damu nyingi mahali hapo ili kupambana nao. Ufizi huvimba, hulainika, hung'aa, na ukiguswa hutoka damu. Hiyo ni hatua ya kwanza, na ndiyo hatua ya rehema, kwa kuwa ugonjwa ukishughulikiwa hapo ufizi hurudia hali yake kamili. Hatua ya pili ni pale ufizi unapoanza kuachana na jino. Kati ya viwili hivyo hufunguka mfuko mwembamba, ugaga huteremka ndani yake, na mfupa wa taya hurudi nyuma taratibu mithili ya ukingo wa mto unaomegwa na maji. Jino halijaoza, halina tundu, pengine ni jeupe linapendeza. Ila ardhi lililosimama juu yake inaondoka.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria ya kwamba watu wapatao bilioni 1 ulimwenguni wana ugonjwa mkali wa fizi. Nawatajia hesabu hiyo ili yeyote kati yenu aliye nao asione haya. Si ugonjwa wa wachafu, wala si laana ya ukoo, ingawa ni kweli kwamba baadhi ya koo hupatwa nao mapema zaidi kuliko nyingine.

Sasa tuje kwenye kuutambua. Vitabu vingi huandika ya kwamba ufizi wenye afya ni wa rangi ya waridi. Waandishi wake walitazama vinywa vya watu weupe. Wengi wetu tuna fizi za kahawia, au nyeusi, au zenye madoa meusi na mekundu yaliyochanganyika, na huo ni uzima mtupu. Ni rangi ile ile iliyo katika ngozi zetu. Kwa hiyo msihangaike na rangi mliyozaliwa nayo. Tazameni mabadiliko: sehemu iliyokuwa kahawia imegeuka kuwa nyekundu iliyoiva au ya zambarau, kingo zilizokuwa zimechongoka kati ya jino na jino sasa zimeviringa na kuvimba, ufizi uliokuwa mkavu na imara sasa unang'aa.

Tazameni pia mate mnapoyatema baada ya kupiga mswaki. Damu ya siku moja, baada ya kuchomwa na mwiba wa samaki, si neno. Damu inayorudi siku baada ya siku kwa majuma mawili ni taarifa. Hali kadhalika, harufu ya kinywa isiyoondoka hata baada ya kusafisha, ladha mbaya kila unapoamka, meno yanayoonekana kurefuka kwa sababu ufizi umeshuka, mianya mipya kati ya meno ambayo zamani haikuwapo, nyama au dagaa kunasa mahali ambapo hazikuwa zikinasa, usaha unaochuruzika ukibonyeza, na mwishowe jino kucheza. Sikuzipanga dalili hizi ovyo. Kadiri nilivyosonga mbele ndivyo ugonjwa unavyokuwa umekwenda mbali. Anayeanza kuhangaika pale jino linapocheza amekuja mwishoni mwa orodha.

Jambo moja hutokea karibu kila nyumba. Mtu huona damu kwenye mswaki, hushtuka, huamua kuupumzisha ufizi, huacha kupiga mswaki mahali hapo. Kwa akili ya kawaida ni uamuzi wa busara, maana kidonda hakisuguliwi. Lakini ufizi unatoka damu kwa sababu ya utando, na kuacha kuusafisha ni kuwaongezea maadui chakula. Safisha pale pale panapotoka damu, kwa mswaki laini na mkono mwepesi, mara mbili kwa siku. Ikiwa ni hatua ya kwanza, damu hupungua sana katika muda wa juma moja hadi mawili. Ikiendelea baada ya hapo, nenda ukapimwe.

Wapo watu ambao sitawaambia wangoje hata majuma hayo mawili. Mwenye kisukari ni wa kwanza. Kisukari kisichodhibitiwa huupa nguvu ugonjwa wa fizi, nao ugonjwa wa fizi hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Viwili hivyo hulishana. Nimepata kumtuma mtu akapime sukari kwa sababu tu ya hali ya fizi zake, akarudi na karatasi iliyotushangaza wote wawili. Mama mjamzito naye: homoni za ujauzito huzifanya fizi zivimbe na kutoka damu kwa utando kidogo tu, na wakati mwingine huota kinyama chekundu kati ya meno mawili. Wako wanaoambiwa na mashoga zao kuwa mjamzito haguswi meno. Si kweli. Kusafishwa meno wakati wa ujauzito ni salama, na miezi ya katikati ndiyo inayomfaa zaidi kwa kulala kwenye kiti cha matibabu. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI, hasa wasiotumia dawa ipasavyo, wawahi. Wanaotumia dawa ya kifafa iitwayo fenitoini, au dawa za shinikizo la damu kama nifedipini na amlodipini, wajue ya kwamba dawa hizo zaweza kuzikuza fizi zikafunika meno. Nawasihi wasiziache kwa uamuzi wao wenyewe, wamweleze aliyewaandikia. Fizi iliyokua hurekebishika, lakini kiharusi kilichokwisha kupiga ni habari nyingine.

Na mtoto. Mtoto mdogo aliyedhoofu kwa utapiamlo, au aliyetoka kuugua surua au malaria kali, akianza kutoa harufu mbaya sana kinywani, ufizi ukachimbika kidonda na shavu likavimba, huyo hangojwi hadi siku ya gulio wala hadi mvua ikatike. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hiyo yaweza kuwa noma, maradhi yanayoanzia kwenye ufizi na kuula uso kwa siku chache, na asiyetibiwa aghalabu hufa. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliyaingiza maradhi hayo katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Yakikamatwa mapema, dawa za kawaida, chakula bora na usafi huweza kuyazuia. Ni machache, lakini nitayasema kila ninaposimama mbele ya wazazi.

Nije sasa kwenye sehemu inayohusu mfuko wako, maana kijitabu kitakachochapisha maneno haya ni cha watumiaji wa huduma, na mtumiaji hana budi kujua anachokinunua.

Kuna usafi wa aina mbili, na bei zake hazilingani. Wa kwanza ni usafi wa kawaida: mtoa huduma huondoa ugaga ulio juu ya ufizi na ule uliojificha kidogo ukingoni, kwa mashine inayotetemeka na kurusha maji au kwa vyombo vya mkono, kisha huyang'arisha meno. Humalizika kwa ziara moja na aghalabu hauhitaji ganzi. Wa pili ni usafi wa kina. Huo huingia ndani ya ule mfuko niliousema, chini ya ufizi, hukwangua ugaga ulioganda juu ya mzizi na kuusawazisha mzizi ili ufizi upate kuushika tena. Huchomwa ganzi, na kazi hugawanywa, upande mmoja leo na upande mwingine siku nyingine, ingawa wako wanaoimaliza kwa siku moja au mbili.

Nani anahitaji wa pili? Hapa ndipo yule mkulima wangu aliponifundisha. Macho hayatoshi. Kipo kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Mtoa huduma hukipitisha taratibu kati ya jino na ufizi, pande zote za jino, na kusoma kimezama kiasi gani. Milimita 1 hadi 3 ni kina cha kawaida. Mtu mwenye vipimo hivyo, hata kama fizi zake zinatoka damu, kwa kawaida hahitaji zaidi ya usafi wa kawaida na mafunzo ya kupiga mswaki. Milimita 4 pamoja na damu ni onyo. Milimita 5, 6 na kuendelea, hasa ikiwa picha ya eksirei inaonyesha kuwa mfupa umeshuka, hapo usafi wa kina una hoja. Kipimo hiki hakichukui muda mrefu na maumivu yake ni madogo. Asiyepimwa hajaambiwa chochote juu ya fizi zake, amekisiwa.

Nasema hivyo kwa uchungu kwa sababu ya jambo lililompata binamu yangu, mwalimu wa shule ya msingi. Alikwenda katika kliniki moja ya mjini, siitaji jina wala mji, kutazamwa jino moja lililokuwa likimsumbua. Akaambiwa fizi zake zote zimeharibika, anahitaji usafi wa kina wa kinywa kizima, na akichelewa meno yatadondoka. Hakupimwa hata jino moja. Akakopa kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, akalipa, akachomwa ganzi mara nne. Miezi michache baadaye nikampeleka kwa mwenzangu ninayemwamini. Tukamwomba pia afuatilie picha zilizopigwa kule kabla ya kazi ile. Mfupa ulikuwa kamili, haujashuka popote. Alilipia tiba ya ugonjwa asiokuwa nao, na mkopo aliulipa mwaka mzima. Sisemi ya kwamba kila anayependekeza usafi wa kina ni mlaghai. Wengi wanaoupendekeza wana haki, na wengi zaidi wanaouhitaji hawajawahi kuupata. Ila woga ni bidhaa inayouzika haraka, na jawabu la woga ni namba.

Kwa hiyo ukiambiwa unahitaji usafi wa kina, uliza bila haya: “Daktari, mifuko yangu ina milimita ngapi, na ni kwenye meno yapi?” Mtu aliyepima atakujibu papo hapo, tena atakuonyesha alipoandika. Uliza kama una picha ya eksirei inayoonyesha mfupa. Uliza kama ni kinywa kizima au ni baadhi ya meno, maana mara nyingi ni magego machache tu yenye mifuko mirefu. Uliza ziara zitakuwa ngapi, kila ziara ni shilingi ngapi, na kama ganzi, picha na ziara ya kukaguliwa baadaye vimo ndani ya bei hiyo. Akiandike. Katika hospitali ya umma utapewa kumbukumbu namba ya malipo; lipa kwa namba hiyo, usimpe mtu fedha mkononi. Kwingineko dai risiti ya kielektroniki. Mwenye bima aulize kabla ya kukaa kwenye kiti, siyo baada, kama kifurushi chake kinagusa usafi wa meno, na wa aina gani. Mjamzito, mzazi wa mtoto aliye chini ya miaka mitano, na mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza waulizie msamaha wa matibabu katika kituo cha umma.

Unayo haki ya kusema utafikiri kwanza. Ugonjwa wa fizi umetumia miaka kufika ulipofika. Majuma mawili ya kutafuta maoni ya pili hayatakupotezea jino. Isipokuwa tu kama uso umevimba, una homa, kinywa hakifunguki vizuri au kumeza kumekuwa shida. Hayo ni ya dharura, na hakuna kulinganisha bei.

Najua wapo wanaojiuliza moyoni: huyu anazungumza habari za milimita na eksirei, ilhali sisi tuko Kapalamsenga. Nauli ya kwenda na kurudi Mpanda mjini si ndogo, na wakati wa masika barabara hujiamulia yenyewe. Ni kweli. Watu wa ukanda huu wa ziwa wanaijua vyema thamani ya mganga aliye karibu; hapo Karema aliishi Adriano Atiman, aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika ya Magharibi, akasomeshwa utabibu Malta, akawatibu watu wa pwani hii ya Tanganyika kwa zaidi ya miaka 60 mpaka alipofariki mwaka 1956. Zama zile jino linalocheza lilikuwa na njia moja, nayo ni koleo. Leo njia ni zaidi ya moja, lakini inafaa kuzipanga ili safari moja ifanye kazi ya safari tatu.

Anza kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Hata pasipokuwa na mtaalamu wa meno, mganga aliyepo anaweza kukutazama, kukupima sukari, na kukuandikia rufaa. Kabla ya kusafiri, uliza siku ambazo huduma ya meno inatolewa huko uendako, na kama mashine ya kusafishia inafanya kazi. Nimeona watu wakisafiri siku nzima na kukuta chombo kimeharibika tangu mwezi uliopita. Ukipimwa na kuonekana unahitaji usafi wa kina, mweleze mtoa huduma unakotoka, ili kazi ipangwe kwa ziara chache ndefu badala ya nyingi fupi. Hilo linawezekana mara nyingi, lakini hatalifikiria usipolisema.

Baada ya usafi wa kina, usishtuke. Siku mbili tatu fizi zitauma kidogo, nazo dawa za kawaida za maumivu hutosha. Maji ya baridi yanaweza kuyachoma meno kwa majuma kadhaa. Meno yataonekana marefu zaidi na mianya itafunguka, watu husema, “Wameyalegeza meno yangu.” Hawakuyalegeza. Uvimbe umeshuka na jiwe lililojaza nafasi limeondoka, hivyo unaona hali halisi iliyokuwa imefichwa. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, endelea kupiga mswaki kwa upole, usivute. Kisha, baada ya miezi miwili au mitatu, rudi upimwe upya kwa kijiti kile kile. Ziara hiyo ndiyo watu huiacha, na ndiyo inayoonyesha kama fedha yako imefanya kazi: mfuko uliokuwa milimita 6 sasa uwe 4 au 3. Kliniki isiyozungumzia ziara hiyo kabisa inanipa mashaka. Ikiwa mifuko mirefu imebaki, huenda ukarudiwa au ukapewa rufaa kwa daktari bingwa. Wengi waliokwisha kupata ugonjwa huu hushauriwa kusafishwa kila baada ya miezi mitatu au minne, angalau mwanzoni.

Na kama jino limekwisha kulegea kiasi cha kuinuka na kushuka, kuling'oa kunaweza kuwa uamuzi wa haki. Usimlazimishe daktari aliokoe lisilookoka. Lakini jino linalotikisika kidogo tu si lazima ling'olewe. Baada ya usafi, mengine hukaza. Uliza kabla ya koleo.

Mtakutana pia na wauzaji wengine. Yuko anayetembeza chupa ya kimiminika kinachoyafanya meno kuwa meupe kwa dakika moja. Tindikali hufanya hivyo kwa kuula ugumu wa jino. Yuko anayeuza vidonge vya kuua bakteria bila cheti, akuambie vitaumaliza ugonjwa wa fizi. Havitaumaliza, kwa kuwa dawa haiyeyushi jiwe; uvimbe utatulia, utafurahi, na ugonjwa utaendelea chini kwa chini. Dawa ya kusukutua nayo husaidia kwa muda, haichukui nafasi ya usafi. Wengine huzaliwa au hukulia mahali penye maji yenye floraidi nyingi, kama sehemu za Arusha na Kilimanjaro, na meno yao ni ya kahawia tangu utotoni. Rangi hiyo imo ndani ya jino lenyewe. Anayekuahidi kuiondoa kwa kukwangua ugaga anakuuzia kitu kisichokuwapo. Hakikisha pia anayekuhudumia ni mtaalamu aliyesajiliwa. Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalowasajili madaktari wa meno, na kumwomba mtu cheti chake si utovu wa adabu. Tazama kama glavu ni mpya na vyombo vimetoka kwenye pakiti iliyotakaswa.

La nyumbani ni fupi. Mswaki laini, ubadilishwe nyuzi zake zikitanuka au baada ya miezi mitatu. Dawa ya meno yenye floraidi, kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni, imeandikwa kwenye pakiti. Tafuta na alama ya ubora ya TBS. Ulaze mswaki kwa kuuelekeza pale jino linapokutana na ufizi, uzungushe polepole, dakika mbili, nje, ndani na juu. Anayetumia mswaki wa mti aendelee nao, lakini aufikishe upande wa ndani na nyuma ya magego, kwa sababu ndiko wengi wasikofika. Maji yakiwa haba, kikombe kimoja kinatosha. Tema povu, wala huna haja ya kusukutua sana, dawa ibaki ikifanye kazi yake. Kati ya jino na jino pitisha uzi wa meno au kijibrashi chembamba mara moja kwa siku. Usitumie pini wala ncha ya kisu.

Mikono yangu si ya kazi nzito tena, lakini macho bado yanaona. Nimekuja na kioo, kurunzi, na vijiti vya kupimia vilivyotakaswa, na ninavyo vya kuwatosha watu ishirini kabla ya giza kuingia. Naomba tuanze na wanaovuta au kunusa ugoro, na wenye kisukari, hata kama fizi zao hazijapata kutoka damu. Mama wajawazito wafuate. Wengine wote mnaweza kuuliza maswali huku tukiendelea.